Mia na Sitini na Saba za Mama Maabara

Mama Maabara hakulipenda neno "karibu." Si lile la kumkaribisha mgeni, hilo alikuwa nalo tele, na kikombe cha chai juu yake. Alilolichukia ni lile la kwenye vipimo. Mwanafunzi akisoma bureti, ule mrija wa kupimia, na kusema ni karibu ishirini na tatu, mama aliacha kufuta meza, akamtazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Karibu kwa upande gani?" Mwanafunzi aliinama tena mpaka jicho likawa sambamba na maji. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye shahada, na mara ya kwanza kumsikia nilichukua kifutio nikairekebisha namba niliyokuwa nimeiandika ubaoni.

Alikuwa mtunza maabara wa shule yetu ya sekondari, nje ya mji wa Sumbawanga, upande wa barabara iendayo Kasesya. Hakuwa mwalimu. Kazi aliyoajiriwa nayo ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kupanga kemikali na kufunga mlango. Juu ya sweta mbili alivaa koti jeupe lililooshwa hadi likapitisha mwanga, kwa sababu upepo wa Juni huku kwetu hauna heshima hata kwa ukuta. Sitasimulia alizaliwa wapi wala kwa nani. Akiulizwa alijibu, "Mimi nimetokea stoo," na hapo mazungumzo yalikwisha. Walimu wengi hawakulijua hata jina lake.

Hakunipenda mwanzoni, na hakuficha. Nyumbani kwetu ni wafugaji waliohamia bonde la Rukwa kutoka kaskazini magharibi mwa nchi, na kaka yake Mama Maabara alikuwa na shamba Milepa, humo humo bondeni. Wiki yangu ya kwanza shuleni aliniwekea chai mezani akasema, "Ng'ombe wa kwenu walikula ulezi wa kaka yangu."

"Mama, ng'ombe wa kwetu wanachungwa upande mwingine kabisa."

"Ng'ombe hana upande," akasema, akanisogezea sukari.

Kila msimu wa mavuno alinikumbusha ulezi ule, na kila msimu wa mavuno aliniletea unga wa ulezi kwenye kopo. Sikuwahi kuelewa kama nililetewa kwa sababu amesamehe au ili nijue kilicholiwa kina ladha gani.

Yeye ndiye aliyeanza habari ya kompyuta za kwantamu, zile zinazohesabu kwa kanuni za chembe ndogo kabisa, si mimi niliyekuwa nafundisha kompyuta. Alasiri moja alinijia na kitabu cha hesabu kisicho na jalada, kilichokuwa kimetupwa pamoja na madaftari ya zamani. Aliweka kidole kwenye mzizi wa pili wa hasi moja.

"Hii namba haipo," akasema. "Lakini wanaihesabu kama ipo. Inafanya kazi wapi?"

Nilimjibu kama nilivyojibiwa chuoni: inatumika kwenye umeme, kwenye mawimbi. Hakuridhika. Wiki mbili baadaye alirudi. Alikuwa amekwenda mjini kwenye mtandao, akapakua masomo kwenye simu, akayasikiliza akiwa anaosha bika. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne, cha kukokota, lakini hesabu zilimfikia. Akaniambia zipo mashine ambazo namba ile isiyokuwepo iko katikati ya kazi yao, na kwamba mtu anaweza kuandika programu akiwa popote, akaituma kwa mtandao, na mashine hiyo ng'ambo ya bahari ikaiendesha na kurudisha majibu.

"Popote," akarudia. "Sumbawanga ni popote?"

Tulianza kujifunza pamoja, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kwenye kompyuta tatu kuukuu zilizokuwa zimefungiwa kabatini. Mkuu wa shule hakupenda vyombo viguswe na mtu asiye mwalimu, kwa hiyo mama aliandikisha kundi letu kuwa Klabu ya Usafi wa Maabara. Mtu huyu huyu ambaye hakuruhusu nusu mililita ipotee alisimama mbele ya mkuu wa shule bila kupepesa akasema tunasugua masinki. Nilipomuuliza alisema, "Masinki si masafi?" Yalikuwa yanang'aa, kwa kweli. Aliyasugua mwenyewe kabla hatujafungua kompyuta, ili isiwe uongo.

Katika waliojiunga, aliyebaki hadi mwisho alikuwa Adelina, msichana wa kidato cha tatu kutoka familia ya wakulima wa Mwimbi. Hakuwa msemaji. Alikuwa na tabia ya kuuma kifuniko cha kalamu mpaka kinapasuka, na alifikiri haraka kuliko sisi wawili.

Mama alimfundisha kwa sinia la maji. Kompyuta ya kawaida, alisema, inafanya kazi kwa biti, ambayo ni sifuri au moja. Hii nyingine inatumia kubiti, na kubiti kabla hujaipima inabeba sifuri na moja kwa pamoja, kila moja na uzito wake. Nilidakia nikasema ni kama sarafu inayozunguka hewani. Mama akatikisa kichwa.

"Sarafu ina upande wake wakati wote, Mwalimu. Ni wewe tu hujauona. Tazameni hapa."

Aligusa maji kwa vidole viwili, sehemu mbili, kwa mdundo mmoja. Viduara vilitanuka vikakutana. Mahali pengine maji yaliruka juu zaidi, mahali pengine yalitulia kabisa, ingawa mawimbi yote mawili yalikuwa yamefika hapo.

"Uzito wa kubiti unaweza kuwa hasi," akasema. "Njia mbili zikikutana, moja chanya na moja hasi, zinafutana kama hapa palipotulia. Kazi ya anayeandika programu ni kupanga njia za majibu mabaya zifutane, na za majibu mazuri zisaidiane. Basi. Mengine ni kuhesabu kwa uangalifu."

Adelina alikaa na sinia lile mpaka tukafunga mlango. Kesho yake alileta hesabu zake mwenyewe, kurasa nne, na kosa moja tu la alama.

Mama alikuwa mkali naye kupita kiasi. Siku moja alimfutia programu nzima kwa sababu alikuwa ameandika mstari asioweza kuueleza. "Umeuchukua wapi?" "Kwenye mfano, mama." "Unafanya nini mstari huu?" Mtoto akauma kifuniko cha kalamu. Mama akafuta mistari yote, akamwambia aanze upya. Adelina alilia akiwa anaandika. Nilimwambia mama baadaye kwamba amezidisha. Jumamosi hiyo alipanda basi mpaka Mwimbi, akakaa na wazazi wa Adelina mchana kutwa kuwaomba wamwache mtoto shuleni wakati wa palizi. Safari hiyo niliijua kwa Adelina. Mama mwenyewe hakuitaja.

Ndipo ikaja nafasi ile. Chuo kimoja cha ng'ambo kilitangaza kwamba makundi ya shule yanaweza kupewa muda kwenye mashine halisi ya kwantamu. Kila kundi liandike programu ya kubiti mbili zilizofungamana, yaani ukiipima moja ukakuta sifuri, na mwenzake iwe sifuri; ukikuta moja, na mwenzake iwe moja. Programu iendeshwe mara elfu, kwa sababu kila mara inatoa jibu moja tu, kisha kundi litume taarifa ya kilichotokea na maelezo. Watakaofanya vizuri, mwanafunzi wao mmoja angechukuliwa kwa mafunzo ya mwaka mzima. Sote watatu tulijua mwanafunzi huyo kwetu ni nani.

Adelina aliandika programu. Tuliijaribu kwenye kompyuta yetu, ambayo inaiga tu mashine halisi, na majibu yalitoka safi: nusu sifuri-sifuri, nusu moja-moja, hakuna kingine. Tuliituma ikae kwenye foleni. Siku mbili kabla ya mwisho, mama alipata habari ya msiba Milepa. Kaka yake, yule wa ulezi, alikuwa amefariki. Akiwa tayari amefunga kitenge cha msiba, alisimama mlangoni pa maabara akaniambia, "Mashine ikileta kitu kisichopendeza, kiandikeni hivyo hivyo."

"Sawa, mama. Pole sana."

"Hivyo hivyo," akasema, akaenda.

Siku ya mwisho umeme ulikatika tangu asubuhi. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa sita mchana. Adelina alikuwa kwenye mtihani wa darasani. Nilichukua kompyuta yenye chaji kidogo, nikaunganisha mtandao wa simu yangu, nikasimama nje karibu na mikaratusi ambako mtandao ulishika. Saa tano na dakika kumi majibu yakafika. Sifuri-sifuri, mia nne thelathini na moja. Moja-moja, mia nne na mbili. Na mia na sitini na saba zilizobaki zilikuwa majibu yasiyotakiwa kuwepo: kubiti moja inasema sifuri, mwenzake inasema moja.

Niliamini tumekosea mahali. Nilipitia programu mstari kwa mstari, betri ikishuka, na sikuona kosa. Nilimpigia mama, hakupatikana. Nilimfikiria Adelina akiwa shambani na jembe. Nilifikiria pia, na hili nalisema sasa kwa sababu sikulisema wakati ule, kwamba jina la mwalimu kwenye taarifa lilikuwa langu, na watu wa chuo kile wangeona kazi yenye makosa kutoka kwa mtu mwenye shahada. Saa sita kasoro dakika nane nilizifuta zile mia na sitini na saba. Niliandika mia tano na tatu, na mia nne tisini na saba. Nikatuma. Dakika mbili baadaye kompyuta ikazimika.

Mama alirudi baada ya siku nne. Nilikuwa nimeprinti taarifa nikaibandika kwenye daftari la klabu, nikidhani atafurahi. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akavuta stuli akakaa.

"Mashine halisi ilileta hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Mashine ya chuma, iliyopozwa kwa baridi kuliko baridi yote, ambayo hata joto dogo linaivuruga. Haikukosea hata mara moja katika mara elfu?"

Nikalivuta daftari upande wangu.

"Walichotaka kuona ni hicho, Mwalimu. Kelele ya mashine, hayo makosa yake madogo. Walitaka mtoto aeleze kelele imetoka wapi. Mwanzoni mwa masomo wanasema hivyo. Zilizobaki ziko wapi?"

Nilimwonyesha. Alizinakili kwenye karatasi, namba zote tatu. Aliniambia niandike barua ya kukiri. Nikamwambia tusubiri, labda hawatagundua, tusimharibie mtoto. Alinitazama kama alivyomtazama mtu aliyesema karibu ishirini na tatu, lakini safari hii hakuuliza kitu. Alivua koti, akaenda mjini kwa bodaboda, akaandika barua mwenyewe kwa Kiingereza chake cha kukokota. Aliweka majibu halisi na kusema yaliyotumwa si ya kweli. Hakutaja nani aliyabadilisha.

Chuo kilijibu kwa mistari mitatu ya adabu. Kundi letu liliondolewa. Nakala ilikwenda kwa mkuu wa shule, ambaye mpaka siku hiyo aliamini tunasugua masinki.

Alituita ofisini, mama na mimi. Alimuuliza mama, "Nani ametuma barua hii?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba ruhusa."

"Na wewe katika shule hii ni nani?"

"Mtunza maabara."

"Mtunza maabara anaandikia vyuo vya nje, anasema shule yangu inatuma uongo," mkuu akasema, taratibu, kama anayehakikisha amesikia vizuri. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, una la kusema?"

Dirisha lilikuwa wazi. Wanafunzi walikuwa wanafyeka nyasi nje, nikasikiliza mafyekeo yao kana kwamba jibu lingetoka huko. Nikasema, "Hapana, mkuu."

Kabla mwezi haujaisha mama alihamishiwa shule nyingine, Mwimbi, na klabu ikafungwa. Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku la vitabu mpaka kituoni. Tuliliweka chini tukangoja basi. Hatimaye akasema, "Niliulizwa nani alituma barua, nikajibu. Sikuulizwa nani alibadilisha namba. Lakini wewe uliulizwa kama una la kusema."

"Nisamehe, mama."

"Yangu yamekwisha. Mtoto utamwambia wewe. Hilo siwezi kukufanyia."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho yake Adelina alinifuata mwenyewe nyuma ya ofisi ya walimu. Aliuliza, "Mwalimu, programu yangu ilikosea?" Nilikuwa na sentensi nzima tayari mdomoni. Nikamwambia, "Mambo haya ni magumu, Adelina. Usijilaumu sana." Akaitikia kwa kichwa. Hakugusa tena programu. Alifaulu kidato cha nne, akasomea ufamasia, akapata kazi kwenye duka la dawa mjini. Kila nilipokwenda kununua dawa alinipokea kwa shikamoo na tabasamu, na mimi niliitikia marahaba nikatoka haraka.

Miaka mingi ikapita hivyo. Mwaka jana nilitumwa Mwimbi kwenye semina ya walimu, na siku ya kwanza, Alhamisi, tulimaliza mapema. Niliuliza njia. Nyumba yake ilikuwa na ua wa maua mekundu na choo kipya cha matofali. Alikuwa amestaafu. Alikuwa ameketi kibarazani anachambua maharage kwa vidole, na simu kando yake ilikuwa inasoma somo kwa sauti ya Kiingereza, kitu kuhusu kurekebisha makosa ya kubiti. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akainua uso. Alinitambua kwa sauti. "Mwana wa wafugaji. Vuta kiti."

Tuliongea habari za mvua, za mahindi, za mtoto wa jirani aliyemfundisha kuifanya simu imsomee kwa sauti. Alisema daktari amemwambia macho yanaweza kufanyiwa upasuaji, na kwamba anasubiri zamu yake. Nilianza kulegea. Ndipo akazima simu.

"Adelina alikuja Pasaka," akasema. "Alikaa hapo ulipokaa. Akaniomba msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Wa programu yake mbovu iliyoniondoa shuleni. Amebeba hivyo miaka yote." Vidole vyake viliendelea na maharage. "Na mimi miaka yote nilijua ulimwambia, kwa sababu uliniambia kesho."

Niliitazama simu yake iliyozimwa.

"Nilimwambia programu yake ilikuwa nzima. Akacheka, akanishika mkono. Alidhani namfariji mtoto. Sikuwa na ushahidi, Mwalimu. Siku ile mimi nilikuwa msibani. Aliyeona ni wewe."

"Nitampigia nikirudi mjini, mama."

Alichukua ungo wa maharage kutoka mapajani, akauweka chini, akakunja mikono, akageuza uso upande wangu akingoja. Kuku walipita kati yetu. Nilikaa hivyo labda dakika tano, na naweza kusema sijawahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa bibi yule asiyeniona. Nikatoa simu.

"Shikamoo, Mwalimu," Adelina akasema. Nyuma yake nilisikia mtu anaulizia dawa ya kikohozi.

"Marahaba. Una nafasi kidogo?"

"Niko kazini, lakini sema tu."

"Ile programu yako haikuwa na kosa. Mashine ilileta majibu yenye kelele, kama inavyotakiwa. Mimi sikujua. Niliogopa, nikayafuta, nikaandika ya kwangu, nikatuma. Mama aliandika barua kusema ukweli. Mkuu aliponiuliza nilisema sina la kusema. Na wewe uliponiuliza, nilikudanganya."

Yule mteja aliuliza tena. Nikasikia Adelina anamwambia amsubiri mwenzake, kisha mlango, kisha sauti ya barabarani.

"Nilikuuliza nyuma ya ofisi," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita."

"Ndiyo."

"Kwa nini leo?"

Nilitaka kusema kwamba nimejirudi. "Kwa sababu niko kwa mama, na ameniambia ulimwomba msamaha. Peke yangu nisingepiga."

"Mpe mama," akasema.

Nilimpa. Mama alisikiliza bila kusema lolote zaidi ya "ehe," na tena "ehe." Mara moja alisema, "Hapana, mwanangu, hiyo usiseme." Alipomaliza alishika simu kwa mikono miwili, akaifuta kwa kitenge kabla ya kunirudishia.

"Jumapili baada ya misa ya kwanza anapanda gari kuja hapa," akasema. "Anataka akusikie ukisema tena, akikuona usoni."

"Semina inaisha kesho, mama. Gari la walimu linaondoka kesho jioni."

"Nimekusikia."

Aliurudisha ungo mapajani. Nilisogeza kiti karibu naye, nikaanza kuchambua maharage upande wangu. Gari la walimu lilipoondoka Ijumaa, sikuwemo.